Android Kilelengwani: faida na hasara, tangu mulika mwizi hadi leo



Kuna swali ambalo kila mtu wa kompyuta huulizwa harusini, matangani na ndani ya matatu: "Hebu niambie, ninunue simu gani?" Siku hizi swali hilo ni swali la mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoamka simu inapowashwa, inayoamua betri itatumikaje, kumbukumbu itagawanywaje na programu nyingine zitaruhusiwa kufanya nini. Na kwa wengi wetu mfumo huo ni Android.

Magazeti ya mjini hulijibu swali hili kwa kulinganisha kamera na vioo. Mimi nataka kulijibu kwa historia, na historia yenyewe nitaitazama kutoka Kilelengwani.

Kwa asiyepajua, Kilelengwani ni kijiji cha Delta ya Mto Tana, eneo bunge la Garsen, kaunti ya Tana River, pwani ya Kenya. Katika delta hiyo Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kando ya mto. Waorma na Wardei ni wafugaji, na kiangazi kikikaza huteremsha mifugo hadi majini kwa njia ziitwazo malka. Mto ukifurika, barabara hukatika. Kuchaji simu ni safari ya dukani kwenye paneli ya jua, shilingi 10 au 20 kwa simu. Nina jamaa huko, na mimi huandika programu za simu kwa riziki. Kwa hiyo najua upande wa mwenye kutengeneza na upande wa mwenye kutembea na chaja mfukoni.

Hoja yangu ni hii, niiseme mapema ili usisumbuke kuitafuta. Android imeshinda, na ilistahili kushinda. Lakini mambo ambayo mtu wa Kilelengwani hawezi kuishi bila hayo, yaani pesa, ujumbe mfupi, sauti na tochi, hayakuletwa na Android na mpaka leo hayaitegemei. Anayesahau hilo, awe mnunuzi au mwandishi wa programu, ataliwa na mto.

Enzi ya mulika mwizi

Nokia ilitoa simu yake ya 1100 mwaka 2003. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani, na hakuna kifaa cha elektroniki cha zama zile kilichoifikia kwa urahisi. Kioo chake kilikuwa cha nukta 96 kwa 65, bila rangi. Vitufe vilifunikwa kwa raba ili vumbi lisiingie. Juu kichwani kulikuwa na tochi, na kwa sababu ya tochi hiyo Wakenya wakaziita simu za aina hii mulika mwizi.

Ndani yake kulikuwa na mfumo endeshi pia, ila hakuna aliyeujua kwa jina. Ulikuwa mdogo, umeandikwa kwa kazi chache: kupiga, kupokea, kuandika ujumbe, kuamsha, kuhesabu, kucheza nyoka. Huwezi kuongeza programu. Hakuna kinachofanya kazi kisirisiri usiku. Betri yake ilikuwa ya mAh 850 tu, lakini Nokia wenyewe waliandika kwamba simu ingeweza kukaa hadi saa 400 bila kupigwa. Hizo ni zaidi ya wiki mbili. Hata ukipunguza nusu kwa matumizi halisi, mtu alichaji Garsen siku ya shughuli zake na akarudi nyumbani bila wasiwasi.

Mifumo mikubwa ya simu ilikuwepo wakati huo. Kampuni ya Symbian iliundwa mwaka 1998 na Psion, Nokia, Ericsson na Motorola, na mfumo wake uliendesha simu za bei kali zilizobebwa na mameneja wa Nairobi. Kijijini haukufika, na hakuna aliyeulilia.

Kisha ukaja mwaka 2007. Tarehe 6 Machi mwaka huo Safaricom ilizindua M-Pesa. Tarehe 29 Juni Apple ilianza kuuza iPhone Marekani. Dunia nzima iliangalia tukio la pili. Kwa mtu wa Tana River, lililogeuza maisha lilikuwa la kwanza.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu kuna siri ya kiufundi ambayo watu wengi hawaijui. M-Pesa haikuwekwa ndani ya simu. Iliwekwa ndani ya laini, ile kadi ndogo ya plastiki yenye dhahabu. Kadi hiyo ni kompyuta kamili, ndogo mno, yenye kichakata chake na kumbukumbu yake. Programu ya M-Pesa ilikaa humo. Simu kazi yake ilikuwa kuonyesha menyu ambayo kadi imeiomba na kupokea tarakimu unazobonyeza. Kadi ikamaliza hesabu, ikafunga ujumbe kwa siri na kuutuma kwa njia ileile ya SMS.

Matokeo yake ni makubwa. Simu ya bei ya chini kabisa sokoni na simu ya meneja zilituma pesa kwa namna moja. Mfumo endeshi haukuwa na sauti katika jambo hilo. Mzee aliyeuza mbuzi alihitaji laini na mnara tu. Wengi wetu tunaotengeneza programu tumesahau jinsi uamuzi ule ulivyokuwa wa busara.

Android inazaliwa, Ideos inafika

Kampuni ya Android ilianzishwa California mwaka 2003, mwaka uleule wa Nokia 1100. Google ikainunua mwaka 2005. Tarehe 5 Novemba 2007 Google ilitangaza muungano wa makampuni ya simu ambao ungetumia mfumo huo, na Oktoba 2008 simu ya kwanza ya Android, iliyotengenezwa na HTC, iliingia madukani Marekani.

Jambo lililoitofautisha Android na iPhone lilikuwa la kisheria zaidi kuliko la kiufundi. Msimbo wake uliachwa wazi, juu ya msingi wa Linux, na kiwanda chochote kingeweza kuuchukua bila kulipa ada ya leseni. Kiwanda cha Shenzhen ambacho jana kilikuwa kikitengeneza redio kingeweza leo kutengeneza simu yenye mfumo endeshi wa kisasa. Kwa hiyo bei ilibaki kuwa bei ya vioo, betri na chipu.

Sisi tulihisi matokeo yake mwaka 2011. Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, gharama ya data ikaanza kushuka, na Safaricom ikaanza kuuza Huawei Ideos kwa bei ya takriban Ksh 8,000. Kioo inchi 2.8. Kichakata MHz 528. Android 2.2. Kwa watu wengi wa kizazi changu hiyo ndiyo ilikuwa simu-janja ya kwanza kushikwa mkononi, na waandishi wengi wa programu wa Nairobi walijifunzia kazi juu yake.

Mwaka huohuo, Februari, Nokia ilitangaza kwamba inaiacha Symbian na kuhamia Windows Phone ya Microsoft. Mfalme alikuwa amevua taji mwenyewe. Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na Samsung, Huawei, na baadaye zaidi na Tecno, itel na Infinix, majina matatu ya kampuni moja ya Kichina iitwayo Transsion, iliyoamua tangu mwaka 2008 kuweka nguvu zake Afrika. Simu zao zilibeba laini mbili, jambo ambalo Mzungu hakuliona lina maana lakini mtu wa delta aliliona mara moja: laini moja kwa bei nafuu, nyingine kwa mnara unaoshika.

Ila Ideos ilileta pia kilio ambacho hatujawahi kukimaliza. Betri yake ilikuwa ya mAh 1,200, kubwa kuliko ya Nokia 1100 karibu kwa nusu, na haikumaliza siku. Shangazi yangu wa huko alipoletewa simu kama hiyo aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hii imekuja kunisaidia ama imekuja kula?"

Mwaka 2012

Siwezi kuandika jina la Kilelengwani katika makala ya historia na kuruka mwaka huu.

Kuanzia Agosti 2012 mapigano kati ya jamii za delta yaliua watu zaidi ya 100 katika muda wa wiki chache. Tarehe 10 Septemba Kilelengwani ilishambuliwa. Watu 38 waliuawa, miongoni mwao watoto, wanawake na maafisa 9 wa polisi. Chanzo cha ugomvi kilikuwa cha zamani, ardhi na maji, shamba na malka, na siasa ikakichochea. Sitajifanya kwamba simu ilikuwa sababu. Lakini kila aliyekuwa huko atakwambia kuhusu uvumi: kwamba kijiji fulani kinakusanya silaha, kwamba watu fulani wameonekana wakivuka mto usiku. Kenya ilikuwa imeshaona mwanzoni mwa 2008 jinsi SMS za chuki zinavyoweza kusambaa.

Mwezi uleule, tarehe 30 Septemba 2012, tume ya mawasiliano ya Kenya ilizima simu bandia nchi nzima, takriban milioni 1.9. Kila simu halali ina namba ya utambulisho iliyoandikwa ndani, na mitandao ikaamriwa kuzikataa zile zenye namba za uongo. Watu wengi wa kipato cha chini waliamka na simu isiyoshika mtandao, wakalazimika kutafuta nyingine.

Katika miaka iliyofuata shirika la Sentinel Project kutoka Kanada, pamoja na watafiti wa iHub ya Nairobi, lilianzisha Delta ya Tana huduma iitwayo Una Hakika. Jina lenyewe ni swali. Mtu akisikia uvumi, anautuma kwa SMS au anapiga simu au anamwambia mjumbe wa kujitolea wa kijijini. Timu inauchunguza kwa kuwauliza watu walioko mahali penyewe, halafu jibu linarudishwa kwa waliojiandikisha: ni kweli, si kweli, au bado haijulikani.

Nawaomba wenzangu wa kazi hii waitazame Una Hakika kwa makini. Ilianza wakati Android ilikuwa tayari ndiyo habari ya mjini. Wangeweza kutengeneza programu nzuri ya Android yenye ramani na rangi. Wakajenga mlango wa mbele kwa SMS na sauti, na programu ya kompyuta ikabaki nyuma, kwa wale wanaochambua ripoti. Walijua mama aliyesikia uvumi saa mbili usiku ana mulika mwizi mkononi, na jibu lazima lifike kwenye simu hiyohiyo kabla vijana hawajaondoka na mapanga.

Faida za Android, bila choyo

Sasa tuhesabu faida na hasara. Naanza na faida, maana ni nyingi.

Kwanza ni bei. Ideos ya 2011 iliuzwa takriban Ksh 8,000. Mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River kilitangaza simu ya Android yenye 4G kwa karibu Ksh 7,500. Pesa ni ileile kwa hesabu, na thamani ya shilingi ilikuwa imeshuka sana katikati. Mfumo usio na ada ya leseni ndio uliowezesha hilo.

Pili ni sauti na picha. Watu wengi wa delta hawakupelekwa shule ya kutosha kuandika barua, na lugha wanazozisema nyumbani, Kipokomo na Kiorma, hazina menyu kwenye simu nyingi. Nokia nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki zilikuwa na Kiswahili, na Android inacho pia. Lakini ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp hauhitaji menyu. Mfugaji anabonyeza, anasema kwa Kiorma malisho yako wapi, anaachilia. Mkulima anapiga picha ya jani lililoliwa na mdudu na kuituma kwa mtu anayejua. Hilo ni jambo ambalo SMS ya herufi 160 haikuweza kamwe.

Tatu ni kuongezeka. Mulika mwizi inabaki ilivyotoka kiwandani. Android inakuwa kitabu cha mwanafunzi, kamera, dira na daftari la mkopo wa duka. Kipande kimoja cha chuma kinafanya kazi ya vyombo sita ambavyo hakuna mtu wa kijijini angevinunua.

Nne ni fundi. Kwa kuwa simu hizi ni nyingi na zinafanana, vioo vyake na betri zake zinapatikana, na kijana wa Garsen mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu anajua jinsi ya kuzifufua. Mfumo ukigoma, anaupakia upya. Jaribu kumpelekea simu ya mfumo usiojulikana uone atakavyokutazama.

Hasara, bila hofu

Ya kwanza ni betri, na sababu yake ni zaidi ya ukubwa wa kioo. Simu ikiwa mbali na mnara hupaza sauti. Ile ya GSM kwenye masafa ya 900 inaruhusiwa kutuma kwa nguvu ya hadi wati 2, na mnara unaiagiza iongeze au ipunguze kadiri ya umbali. Mtandao ukipotea kabisa, simu hutafuta, hulala, hutafuta tena. Mulika mwizi nayo hufanya hivyo. Lakini Android ina programu ishirini ambazo kila moja inataka kuuliza seva yake kama kuna jipya, na kila ombi linaamsha redio iliyokuwa imepumzika. Nairobi, mnara ukiwa juu ya jengo la pili, hilo halionekani. Kilelengwani linaonekana kabla ya magharibi. Google waliliona tatizo: Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta utaratibu wa kuzilaza programu simu ikiwa imetulia, na betri za leo za mAh 4,000 au 5,000 zimesaidia. Bado ni siku moja au mbili, si wiki.

Ya pili ni bando linalovuja. Simu hujisasisha bila kuuliza. Mtu ananunua data ya shilingi 20 amtumie mwanawe picha, na kabla hajafungua WhatsApp duka la programu limeshakula nusu. Tangu Android 7.0 ya 2016 kuna kitufe cha kuokoa data kwenye mipangilio. Kitufe hicho kikiwashwa, programu za nyuma ya pazia hunyimwa. Simu nyingi nilizoshika huko zilikuwa hazijawashiwa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wenyewe.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi kama mwandishi wa programu: simu ina tarehe ya kufa ambayo haikuandikwa kwenye boksi. Google hutoa toleo jipya. Mtengeneza chipu lazima alikubali. Kiwanda lazima kilipakie kwenye modeli yake. Kwa simu ya bei ya chini mlolongo huo hukatika mapema, mara nyingi simu haipati toleo jipya hata mara moja. Simu inabaki nzima, kioo safi, betri nzuri, lakini dunia inaiacha. WhatsApp iliziacha Nokia za S40 mwisho wa 2018, Windows Phone mwisho wa 2019, na Android 2.3.7 na za chini yake tarehe 1 Februari 2020. Septemba 2021 Google nayo ikazuia akaunti zake kuingia kwenye matoleo hayo. Ideos zote zilizokuwa bado hai zikawa saa za mezani siku hiyo.

Kuna kifo kingine cha kimyakimya. Kila simu hubeba orodha ya vyeti vya usalama inavyoviamini, na orodha hiyo huja na mfumo. Mfumo usiposasishwa, orodha huzeeka, na tovuti mpya hukataliwa kwa onyo la kutisha ingawa tovuti haina kosa. Mwenye simu anadhani ni mtandao, ananunua bando jingine. Ilhali Nokia 1100 yenye betri mpya bado inapiga simu popote penye mtandao wa 2G, miaka zaidi ya 20 baadaye.

Google ilijaribu tiba. Android One ilifika Kenya mwaka 2015 kwenye Infinix Hot 2, kwa ahadi ya masasisho kutoka Google moja kwa moja. Desemba 2017 ikatolewa Android Go, mfumo uliopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ya GB 1 au chini. Ni kazi nzuri na ninaisifu. Ila kufikia Android 13, mwaka 2022, hiyo Go yenyewe ilitaka angalau GB 2. Sakafu ya maskini nayo inapanda ngazi.

Ya nne ni mkopo wenye kufuli. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kupata simu ya 4G kwa kulipa Ksh 20 kwa siku. Wengi walipata simu ambayo wasingeipata kamwe kwa pesa taslimu. Lakini mfumo endeshi ndio msimamizi wa deni: usipolipa, simu inajifunga. Mfugaji aliyeko malishoni asikoshika mnara hana njia ya kulipa kwa wakati. Hakuna mulika mwizi iliyowahi kumgomea mwenyewe.

Ya tano inaturudisha kwenye uvumi. SMS ilikuwa na gharama, karibu shilingi moja kila ujumbe, na shilingi moja ilikuwa breki. Kutuma uongo kwa watu 50 kuligharimu shilingi 50. WhatsApp iliondoa breki hiyo, ikaongeza picha na sauti, na tangu Aprili 2016 ujumbe wote umefungwa kwa siri kati ya mtumaji na mpokeaji, kitu ambacho mimi nakiunga mkono lakini kinamaanisha hakuna anayeona moto unapoanzia. Januari 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya kusambaza ujumbe kwa mkupuo hadi mazungumzo 5 duniani kote. Picha ya ng'ombe waliokatwa, ya nchi nyingine na ya miaka mingine, inaweza kufika delta leo jioni ikiwa na maneno "imetokea sasa hivi". Faida ya pili niliyoitaja juu na hasara hii ni kitu kimoja, kimegeuzwa upande.

Basi mtu anunue nini?

Nikiulizwa na mtu wa mjini, namwambia anunue Android yoyote yenye GB 3 au zaidi na ahadi ya masasisho iliyoandikwa. Amemaliza.

Nikiulizwa na mtu wa Kilelengwani, jibu langu ni simu mbili. Laini yenye M-Pesa na yenye namba inayojulikana na watu ikae kwenye mulika mwizi. Android iwe na laini ya data, izimwe usiku, kitufe cha kuokoa data kiwashwe, na kujisasisha kuwekwe kwenye Wi-Fi tu. Watu wa huko wengi wameshaligundua hili bila kungojea ushauri wangu. Ukiwaona na simu mbili mfukoni usidhani ni majivuno. Mafuriko ya 2018, ya 2023 na ya 2024 yaliwakuta watu juu ya tuta, bila umeme, wakingoja habari ya ndugu. Katika siku ya tatu ya kungoja, simu yenye kioo kikubwa ni kioo cha kujitazamia.

Na kwa wenzangu wanaoandika programu, nina ombi moja. Kila huduma unayoitengeneza kwa Android, iwe ya bei za mazao, ya kliniki au ya onyo la mafuriko, iache na mlango wa nyuma: SMS, au namba ya nyota na reli kama ile *334# ya M-Pesa, au sauti ya kupigiwa. Safaricom walitoa programu kubwa ya M-Pesa mwaka 2021, nzuri kabisa, na hawakuufunga mlango wa zamani. Kama wenye pesa zote hizo wanaona haja ya kuubakisha, mimi na wewe ni nani?

Historia ya mifumo ya simu huandikwa kama mbio: Symbian ikaanguka, Android ikashinda, na ndiyo mwisho. Ukiisoma kutoka delta utaona safu, moja juu ya nyingine. Chini kabisa kuna mnara na kadi. Juu yake SMS. Juu ya hiyo Android na urembo wake wote. Safu ya juu hubadilika kila mwaka na kutuletea neema. Za chini ndizo zinazobaki hewani maji yakipanda, na ndizo zinazoweza kumuuliza jirani "una hakika?" kabla hajachukua panga.

Alamsiki.